Kipande cha Njia cha Gemma

Ramani waliyotuletea ilikuwa nzuri, sitawanyima hilo. Bwana Vaillancourt wa Ofisi ya Mipango aliitundika ubaoni shuleni, pale ninapoandika hesabu za darasa la nne, akarudi nyuma kidogo kuitazama kama mtu anayetazama keki aliyooka mwenyewe. Mto mkubwa ulikuwa wa bluu. Matane, mji wa kule chini pwani, ulikuwa wa rangi ya chungwa. Sisi wa Sainte-Ludivine, huku juu uwandani, tulikuwa kijani kitupu.

"Kijani ni nini?" nikauliza.

"Msitu, Mama Caron."

"Hapo ni kwangu. Hapo pana zizi, ng'ombe na watoto watano."

"Ni msitu wa miaka ijayo," akasema kwa upole.

Kule nyuma Albertine Pelletier akatoa kiko mdomoni. "Basi niambie mapema mimi ni mti gani, nianze kuota majani."

Darasa zima likaangua kicheko, na Vaillancourt naye akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa mji mkuu, amevaa mabuti ya mpira juu ya viatu vya ngozi, na kila jambo alilisema taratibu kana kwamba tunaumwa. Upole huo ndio ulioniudhi.

Baba zetu waliletwa huku na serikali hiyo hiyo, miaka ile ya njaa kabla ya vita. Waliambiwa ardhi ni nzuri, wakapewa shoka na padri. Waling'oa visiki mpaka migongo ikapinda. Vita ikaisha, wataalamu wakaja na mashine za kupima udongo, wakagundua kwamba baba zetu walidanganywa. Badala ya kumtafuta aliyedanganya, wakaamua kumhamisha aliyedanganywa.

Vaillancourt alituahidi fleti Matane, hospitali karibu, shule yenye vyumba vingi na maji ya moto. Aliposema maji ya moto hakuna mwanamke aliyecheka. Nimefua nepi za watoto watano kwa theluji niliyoiyeyusha jikoni kwanza, kwa hiyo najua maji ya moto ni kitu gani.

"Na tukikataa?" nikauliza.

"Tume itapita mwezi wa pili kusikiliza kila parokia, ukumbini kwake. Parokia itakayosema inabaki itaandikwa hivyo, na serikali italazimika kuijibu. Lakini parokia isiyofikika siku hiyo itaamuliwa mjini, kwa karatasi zilizopo."

"Karatasi zilizopo zinasema nini?"

Akageuka kuitazama ramani yake.

Philias Dubé, meya wetu, alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakimgusa kidevu. "Na katapila la kusukuma theluji?" akauliza.

Vaillancourt akatazama mabuti yake. "Mwaka huu litaishia darajani. Bajeti ya barabara ime..."

"Ngoja," nikasema. "Yaani mnafunga njia, halafu mnasema hatufikiki?"

"Mimi sikusema hivyo, Mama."

"Hukusema. Nimekusaidia."

Wiki hiyo hiyo wanaume walikwenda kambini kukata magogo, kama kila mwaka, wasirudi mpaka theluji iyeyuke. Mume wangu Adhémar alifunga mzigo wake akaniangalia kwa wasiwasi.

"Normande, tafadhali. Usimpige mtu wa serikali."

"Akiwa na adabu simpigi."

"Na wifi yako je?"

"Huyo ndiye sizungumzi habari zake."

Wifi yangu ni Gemma, dada yake Adhémar. Nyumba yake ilikuwa kwenye njia kuu, juu ya kilima kinachopanda kutoka darajani. Mwezi wa kumi alitia sahihi ya kuhama, akachukua fleti Matane, na kabla vyombo vyake havijapoa watu wa Ofisi wakaichoma nyumba moto ili asije akabadili mawazo. Wengine waliotia sahihi walikaa njia za pembeni, hatukuona moshi wao. Wa Gemma niliuona nikiwa darasani, na watoto wake wawili walikuwa wameshanitoka daftarini. Siku aliyokuja kuaga nilimwambia asikanyage tena mlangoni pangu. Nilimwambia na mengine.

Sasa kazi ilikuwa moja: njia ibaki wazi mpaka siku ya Tume. Njia ikifunga, tumekwisha.

Kabla ya enzi za katapila, mama zetu waliijua kazi hiyo. Hawakuisukuma theluji, waliikandamiza kwa rola la mbao, pana kama mlango wa ghala, likivutwa na farasi wawili. Na baada ya theluji ya kwanza kila mwenye shamba alikata misonobari michanga, akaisimamisha pande mbili za njia mbele ya shamba lake, toka mpaka hadi mpaka. Tunaita kupanda njia. Upepo ukivuma uwandani huoni mbingu wala ardhi. Unaona msonobari mmoja, unautafuta wa pili. Ukiukosa umepotea, na watu wameganda hivyo wakiwa karibu na milango yao.

Kila mtu ana kipande chake. Hilo halijaandikwa popote, na sijamwona wa kulivunja. Ukimpandia mtu kipande chake unatangaza kwamba amekufa. Ndivyo inavyofanywa mtu anapofariki majira ya baridi: jirani humpandia, na wapita njia huvua kofia.

Rola lilikuwa kwa Albertine. Kuku walikuwa wakilala ndani yake.

"Tabenakulo!" akasema nilipomwambia. Kwetu mtu akipandwa na hasira hukimbilia vyombo vya altareni, na Albertine huvitaja vyote kabla ya kifungua kinywa. "Kuku wangu wataenda wapi, kwenye fleti?"

"Watatagia jikoni kwako. Na farasi wako namtaka pia."

"Ninaye mmoja, na amezeeka kuliko padri. Rola linataka wawili."

"Wa pili ni wa Philias."

Akacheka mpaka kiko kikazimika. "Philias hatoi hata salamu bila barua ya serikali. Nenda, mwanangu. Nitakusubiri nikiwahamisha kuku."

Philias nilimkuta anachana manyoya ya farasi wake, mnyama mwekundu mwenye afya kuliko bwana wake.

"Normande, mdogo wangu, nielewe," akaanza kabla sijafungua mdomo. "Nikitoa farasi, Ofisi watasema meya anapinga mpango. Nina ahadi zao za bomba la maji, nina..."

"Bomba la maji kwa ajili ya miti?"

Akainamia kwato za farasi.

"Philias, baba yako alizikwa wapi?"

"Unajua alipozikwa."

"Hapo napo ni kijani. Basi wewe baki meya, mwache farasi awe mpinzani. Wakikuuliza, sema alitoroka."

Alichana tena mara kadhaa, sehemu ile ile. Mwisho akafungua mlango wa zizi, akageuka akatazama ukuta. "Sijaona mtu," akasema. "Na hapendi kupigwa masikioni."

Tukaanza. Walimu wa mjini watashangaa, lakini nilifunga shule mchana kila theluji ilipoanguka, na watoto wakubwa walibaki na wadogo. Wanawake walipokezana kwenye rola, na ambaye hakuwa na zamu alileta maharage yaliyopikwa na mafuta ya nguruwe, bado yanafuka kwenye chungu. Kila mmoja alipanda kipande chake. Mke wa Philias alipanda mbele ya nyumba ya meya huku meya akichungulia dirishani. Toka kanisani mpaka ukingo wa kilima misonobari ilisimama mistari miwili, na nakwambia ilipendeza.

Halafu tukafika kwa Gemma: kilima kitupu, upepo wa pande zote, na shimo jeusi ambalo zamani lilikuwa nyumba. Kutoka hapo hadi darajani hakukuwa na mti hata mmoja.

"Mpandie," akasema Albertine.

"Sipandi."

"Basi mimi."

"Na wewe hupandi. Kwani amekufa?"

"Si ulisema kwako amekufa?"

"Nilisema nimekasirika. Mwacheni na kipande chake."

Wanawake walitazamana. Mmoja akasema ni ujinga kuacha pengo pale pale penye upepo kwa sababu ya desturi. Alisema kweli, lakini hakuna aliyechukua shoka, hata yeye. Tulilaza theluji pale kwa rola na kuendelea. Siku za kawaida pengo halikutusumbua. Farasi waliijua njia.

Siku ya Tume haikuwa ya kawaida.

Upepo ulianza alfajiri. Kulipokucha niliona ghala langu, kisha sikuliona. Watu wa Tume walikuwa wanakuja kwa gari mpaka darajani, na sisi tulitakiwa kuwapokea kwa sleji ya farasi, gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji. Albertine alifika mlangoni kwangu amejifunga blanketi kiunoni, kiko kikiwa kimegeuzwa chini ili theluji isiingie.

"Unaenda au unaogopa?" akauliza.

"Vyote viwili. Sogea."

Tulishuka msonobari kwa msonobari. Kila tulipoupita mmoja, wa pili ulijitokeza kama mtu anayechungulia mlangoni. Tukaupita wa mwisho wa jirani yake Gemma. Mbele yetu hapakuwa na kitu. Farasi wakasimama wenyewe. Albertine aliwabembeleza, akawatukana, akataja kikombe cha misa, altare na mishumaa yake yote. Hawakusogea.

"Wana akili kuliko sisi," akasema. "Turudi?"

Nilifikiria wale watu darajani. Nilijua Vaillancourt atakavyosema, kwa upole: Waheshimiwa, kama mnavyoona, haifikiki. Nikajifunga kamba kiunoni, ncha ya pili nikaifunga kwenye sleji.

"Nikivuta mara mbili, njoo. Nisipovuta, nivute wewe."

Nilitembea nikiwa nimenyoosha mikono kama kipofu. Kamba ilikuwa inakaribia kwisha nilipogonga kitu kwa kifua. Kigingi. Kigingi chekundu, kirefu, chenye namba. Mbele yake kidogo, msonobari. Kisha nikasikia shoka.

"Nani huyo?" nikapiga kelele.

"Unaniuliza mimi ni nani kwenye shamba langu?"

Alikuwa amejifunika skafu mpaka puani, nyusi zimeganda nyeupe, lakini sauti ya Gemma hata tufani haiifichi.

"Shamba ulilitilia sahihi," nikasema.

"Nyumba walichoma. Ardhi walisema ya miti. Njia hakuna aliyenitajia."

"Umefikaje?"

"Dereva wa katapila. Alisema mjini kwamba ukiwa darajani unaona misonobari yote huko juu isipokuwa ya Gemma Ouellet. Alisema mbele za watu, dukani, mimi nimeshika mkate. Nikapanda naye jana mpaka kwa kina Lévesque, pale darajani, nikalala hapo. Toka kulipokucha napanda kutoka chini." Akavuta pumzi. "Hukunipandia."

"Hujafa."

Akashusha shoka. Machozi kwenye baridi ile ni hasara, yanaganda, kwa hiyo hakulia, na mimi sikulia.

"Sijafa, wifi," akasema. "Ungeweza kuniambia hilo mwezi wa kumi. Haya, shika huo msonobari, usisimame kama mgeni."

Nikaivuta kamba mara mbili.

Tulipanda mapengo yaliyobaki watatu pamoja. Nasema pamoja, lakini kila mti Gemma aliukanyagia theluji kwa mguu wake mwenyewe, sisi tulikuwa wa kumshikia tu. Misonobari ilipopungua alichomoa vigingi vyekundu kutoka kwenye rundo ambalo Ofisi ilikuwa imeliacha kando ya kisima chake. Walipanga kupimia msitu wao kiangazi.

Darajani tulilikuta gari limeshageuzwa, pua inatazama Matane. Vaillancourt alikuwa amesimama nje, anamwonyesha dereva njia ya kurudi.

"Mnakwenda wapi?" akaita Albertine. "Supu ya njegere inapoa!"

Mlango ukafunguka, akashuka mwenyekiti wa Tume, mzee mnene mwenye masharubu, jina lake Bwana Thériault. Alitutazama wanawake watatu, farasi wawili, na kilima kilichopotelea mbinguni.

"Mmeshuka kutoka huko?"

"Na tunapanda tena sasa hivi," nikasema. "Kaeni katikati, mfunike miguu. Bwana Vaillancourt, wewe ni mwembamba, utakaa na mimi."

Kwenye kilima mwenyekiti alikuwa akitafuta mti unaofuata kama sisi sote, na kila ulipotokea nilimwona akilegeza mabega. Vaillancourt alikuwa akitazama kitu kingine.

"Hivi ni vigingi vyetu," akasema. "Ni mali ya Ofisi."

"Vilikuwa vimelala kisimani kwangu havina kazi," akajibu Gemma bila kugeuka. "Sasa vinawaonyesha watu njia. Si ndiyo mipango yenyewe?"

Albertine alicheka mpaka farasi wakaongeza mwendo.

Ukumbi ulijaa. Katibu wa Tume akafungua jalada, akasoma kwa sauti ya kanisani: parokia ya Sainte-Ludivine, idadi ya watu inapungua, udongo hafifu, haifikiki majira ya baridi.

Mwenyekiti alikuwa bado anapangusa barafu masharubuni. "Soma tena hapo mwisho."

"Haifikiki majira ya baridi."

"Mimi niko wapi?"

Watu wakapiga miguu sakafuni mpaka taa zikacheza. "Andika kwamba tumefika," akasema. "Andika na jinsi tulivyofika. Haya, nani anaanza?"

Nilikuwa nimeandaa maneno yangu, nina diploma, najua kupanga hoja. Gemma akasimama kabla yangu.

Vaillancourt akainua mkono, kwa upole kama kawaida. "Bwana Mwenyekiti, samahani. Mama Ouellet si mkazi tena. Kwa utaratibu, wanaosikilizwa ni wakazi."

Alikuwa sahihi kwa karatasi. Mimi nikahisi mdomo wangu ukijaa maneno ambayo Adhémar alinikataza. Lakini aliyesimama ni Philias. Philias wetu, meya wa kutazama ukuta. Alikuwa mwekundu kama farasi wake.

"Hapa kwetu," akasema, sauti ikamkwama, akaanza upya. "Hapa kwetu mkazi ni aliyepanda kipande chake. Mama Ouellet kapanda leo asubuhi. Wewe mwenyewe umepita katikati yake, bwana. Bila yeye usingekuwa hapa kumkataza."

"Na farasi ni wa kwake!" akapaza sauti mtu nyuma, akimwonyesha Philias.

"Ndiyo, ni wangu," akasema Philias. "Hakutoroka. Nilimtoa mimi."

Mwenyekiti akamwashiria Gemma aseme.

"Maji ya moto ni kweli," akaanza Gemma. "Sitawadanganya jirani zangu. Unafungua, yanakuja, unaoga. Kisha unakaa. Mume wangu Lucien amekata miti na kufuga ng'ombe tangu akiwa mtoto, sasa anakaa dirishani anajua magari ya watu kwa rangi. Mnasema mmetutoa kwenye umaskini. Huku nilikuwa maskini nina kazi ya kufanya. Kule ni maskini ninayesubiri kuitwa ofisini. Nataka shamba langu. Nyumba sitawaomba, tutajenga wenyewe."

"Lakini ulitia sahihi, Mama," akasema katibu.

"Nilitia."

"Mimi nilitia sahihi ya kuolewa na Pelletier," akasema Albertine. "Mtu hukosea."

Baada ya hapo kila mmoja alitaka kusema, na walisema mpaka supu ikapashwa moto mara ya pili. Mimi nilizungumza mwisho, kwa ufupi. Nilisema kama udongo hauwezi kulisha ng'ombe wengi, tupeni msitu huo wa kijani tuutunze na kuuvuna sisi wenyewe, badala ya kutuhamisha kisha kuajiri wageni kuukata. Kama shule ni ndogo, tuleteeni mwalimu wa pili. Na kama mnataka kufunga njia tena, njooni mfunge wenyewe kwa mikono, mbele yetu, msitumie theluji.

Hawakutujibu siku ile. Watu wa Tume hawajibu, huandika. Lakini wiki iliyofuata katapila lilivuka daraja. Dereva alikuja taratibu, akafika kilimani akapita katikati ya misonobari ya Gemma bila kuugusa hata mmoja, akapiga honi.

Kwenye ramani sisi bado ni kijani. Vaillancourt ameleta nyingine, mpya, na safari hii aliinywa supu kwanza. Ardhi ya Gemma wanasema inajadiliwa. Yeye na Lucien hawasubiri mjadala. Kiangazi kilichopita walijenga kibanda cha mbao juu ya msingi ule ule mweusi, wakaweka jiko la kuni. Ofisi iliandika kwamba hawana ruhusa, nami nikamsaidia Gemma kujibu, ukurasa mmoja, tahajia safi, kwamba walichomewa nyumba pia bila kuonyeshwa ruhusa ya moto.

Jana theluji ya kwanza ilianguka. Nilikuwa nje asubuhi nakanyagia msonobari wangu wa mwisho, na wifi yangu akapita na shoka begani, akielekea kwake.

"Normande!" akaita. "Mistari yako imepinda. Na wewe unajiita mwalimu?"

"Panda kipande chako," nikamwambia. "Ukimaliza, ukanyage mlangoni pangu. Nimepika maharage."